Dada alinipa figo, nami namficha presha

Mama, salamu kutoka Nakuru.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 39, mke na watoto wawili. Figo zangu ziliharibiwa na presha ambayo sikujua ninayo mpaka siku nilipoanguka mbele ya darasa. Nilisafishwa damu kwa mashine miaka miwili, kila Jumanne na Ijumaa, mpaka dada yangu mkubwa, anayeuza samaki Kibuye kule Kisumu, akasema sasa yatosha. Akapimwa, tukaonekana tunapatana, na miezi 14 iliyopita akanipa figo yake moja.

Tangu hapo hunipigia simu kila Jumapili jioni. Swali lake la kwanza halijabadilika: "Figo yangu inaendeleaje huko?" Nami humjibu, "Imekula, imeshiba, imelala." Anacheka, kisha tunaongea mengine.

Wiki tatu sasa jibu hilo linanikwama kooni. Nilipita kwenye duka la dawa karibu na steji nikitoka kazini, nikaomba kupimwa. Mashine ikasoma 168/102. Mwenye duka akaniuliza kama nina mawazo mengi.

Nikupe ukweli wote, maana hata mke wangu hajui nusu yake. Baada ya upasuaji nilidhani dawa za presha nitazitupa. Daktari akaniandikia amlodipini ya mg 10. Miguu ikavimba. Kufika saa sita mchana soksi zinaacha alama ya pete, na jioni kiatu hakitoki bila kuvutwa. Nikaanza kuikata kidonge nusu, kisha nikawa naruka siku. Lakini siku mbili kabla ya kliniki naimeza nzima, ili mashine yao isinisute. Kliniki iliyopita ilisoma 142/88. Daktari akaniuliza kama nameza dawa, nikasema nameza. Akasema tutaangalia tena baada ya wiki sita.

Uzito umetoka kilo 61 hadi 76. Zamani nilikuwa naogopa hata glasi ya maji. Sasa nakula kila kitu na bado nina njaa. Goti la kulia linauma nikisimama sana, na yule wa duka la dawa alinipa daiklofenaki za siku tano. Zimenisaidia, nikarudi kununua tena na tena. Yapata mwezi. Dawa za kuilinda figo, takrolimasi na nyingine zake, sijawahi kukosa hata mara moja: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku.

Mwenzangu wa hapa shuleni ameniambia amesoma kwamba takrolimasi yenyewe ndiyo inayopandisha presha. Anasema niipunguze, nitumie unga wa mizizi anaouza mjomba wake. Sijakubali, ila naufikiria.

Je, mwili umeanza kuikataa figo ya dada? Nimeiharibu? Na nikimwambia, si nitakuwa namwambia kwamba alipasuliwa bure?

Mwalimu, Nakuru


Mwanangu Mwalimu,

Nianze na la leo. Hizo daiklofenaki usimeze hata moja tena. Kesho asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, pigia simu kliniki yako ya figo uwaambie mambo matatu bila kuyapunguza: presha ilifika 168/102, dawa ya presha nimekuwa nikiikata, na nimemeza daiklofenaki karibu mwezi. Usingoje tarehe waliyokupa. Watataka kukuona, watataka damu na mkojo wako.

Kabla hujawafikia, ukiumwa na kichwa kisichotulia, macho yakaona ukungu, kifua kikabana, pumzi ikawa fupi, upande mmoja wa mwili ukalegea, mkojo ukapungua ghafla, ukapata homa au maumivu pale figo mpya ilipo, usikae kuandika barua. Vivyo hivyo mashine ikisoma 180/120 au zaidi na ukarudia ukapata vilevile. Panda gari uende hospitali usiku huohuo, na dawa zako zote uzibebe ndani ya mfuko.

Sasa keti tuongee.

Nilifanya kazi ya uuguzi kwenye wodi ya figo miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako nimelisikia kwa sauti nyingi, nyingi zikinong'ona. Watu huja na matumaini kwamba figo mpya itaiondoa presha. Wachache hupata bahati hiyo. Wengi wa waliopandikizwa figo wanaishi na presha na wanaidhibiti kwa dawa. Kwa hiyo kuwa na presha hakukufanyi mgonjwa mbaya, wala hakumaanishi figo ya dada imekufa mikononi mwako.

Inatoka wapi basi? Kwanza, figo zako za zamani hazikutolewa. Kwa kawaida huachwa palepale mgongoni, zimenywea, na ile mpya hulazwa chini ya tumbo karibu na kinena. Ndiyo maana kovu lako liko mbele. Zile kuukuu hazisafishi damu tena, lakini zinaweza kuendelea kutoa kemikali zinazobana mishipa. Ni kama mzee aliyeacha kulima ila bado anatoa amri shambani. Pili, mishipa iliyobanwa na presha kwa miaka mingi kabla hujaanguka darasani haikurudi kuwa laini kwa sababu ya upasuaji. Tatu ni dawa zenyewe. Prednisoloni, ambayo kwa kawaida ni mojawapo ya hizo nyingine za kuilinda figo, hushikilia chumvi na maji mwilini na kuchochea njaa. Hizo kilo 15 hazikuja kwa ulafi wako peke yako. Na takrolimasi huibana mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo, tena huifanya figo iishike chumvi badala ya kuimwaga kwenye mkojo.

Mwenzako basi hakudanganya. Amekupa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayoua figo. Nusu aliyoiacha ni kwamba takrolimasi ndiyo inayouzuia mwili wako kuishambulia figo ya dada kama mgeni aliyevunja mlango. Ukiipunguza kichinichini, presha huenda ikashuka kidogo, na figo ikaondoka. Kiwango chake hupimwa kwenye damu, na anayekipanga ni daktari aliye na karatasi ya maabara mkononi. Unga wa mizizi sitauita uchawi. Bibi yangu alitutibu kwa majani na mizizi na tukapona. Lakini bibi hakuwahi kumtibu mtu anayetumia takrolimasi. Ipo mitishamba inayopandisha kiwango cha dawa hiyo kwenye damu, ipo inayokishusha, na ipo inayoumiza figo moja kwa moja. Unga usiojulikana umechanganywa nini usiingie kinywani mwako, hata uwe wa mjomba wa nani.

Daiklofenaki nayo, pamoja na ibuprofeni na ndugu zao wote, huibana ileile njia ya damu ambayo takrolimasi imeshaibana. Fikiria mpira wa kumwagilia maji umekunjwa, kisha mtu mwingine akaja akakanyaga palepale. Damu haifiki kwenye figo inavyotakiwa, chumvi inabaki mwilini, presha inapanda. Goti likiuma, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa ndiyo salama zaidi kwako, na goti lenyewe lionyeshwe kliniki. Linaweza kuwa uzito, linaweza kuwa jongo, linaweza kuwa mfupa; kila moja ina dawa yake. Simlaumu sana yule wa duka la dawa. Pengine hakujua una figo ya kupandikizwa, kwa sababu hukumwambia. Kuanzia sasa neno la kwanza kwenye duka lolote la dawa, na kwa daktari yeyote mgeni, ni hilo: "Nina figo ya kupandikizwa, natumia takrolimasi." Hata antibiotiki ya kifua kama erithromaisini au klarithromaisini, hata flukonazoli ya fangasi, inaweza kuipandisha takrolimasi yako kupita kiasi. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Baadhi ya dawa za presha zenyewe, diltiazemu na verapamili, huipandisha. Usiazime dawa ya presha ya jirani.

Umeniuliza kama mwili unaikataa figo. Sitakudanganya kwamba naweza kujua nikiwa hapa. Presha peke yake haisemi. Kinachosema ni kreatinini yako, ile taka ya kwenye damu inayopanda figo zikilegea, ikilinganishwa na ya miezi iliyopita, protini kwenye mkojo, kiwango cha takrolimasi, na wakiona haja, kinyama kidogo kinachochukuliwa kwenye figo kikaangaliwe. Kuna jambo jingine watakaloliwaza: mshipa mkubwa unaoilisha figo mpya unaweza kuwa umekuwa mwembamba pale uliposhonwa au karibu yake. Tatizo hilo huonekana zaidi kati ya mwezi wa 3 na mwaka wa 2 baada ya upasuaji, na wewe uko humo ndani. Hutafutwa kwa picha ya mawimbi ya sauti, na likipatikana mara nyingi mshipa unaweza kupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa ndani yake.

Lakini mwanangu, ona ulivyomfunga macho daktari wako. Dalili kubwa ya mshipa mwembamba ni presha isiyosikia dawa. Atajuaje kwamba presha yako haisikii dawa, na dawa zenyewe huzimezi? Au atajuaje kwamba ni miguu tu inayokusumbua, akakubadilishia, wakati umemwambia mambo ni shwari? Zile siku mbili za kumeza vizuri kabla ya kliniki zinanitia hofu kuliko hiyo 168. Hata kwa maandalizi yote hayo ulisoma 142/88, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unataka mtu aliyepandikizwa figo awe chini ya 130/80. Niliwahi kumhudumia mama mmoja aliyekuwa akifanya hivyohivyo, akija kliniki amejipanga kama anakwenda kanisani. Tuliongeza dawa, tukapunguza, tukashangaa. Alipokuja kusema ukweli, kreatinini ilikuwa imeshapanda na haikurudi tena ilipokuwa. Hakuna aliyemgombeza. Tulilia naye.

Kuvimba miguu kwa amlodipini ni jambo linalojulikana sana, hasa kwa kipimo kikubwa kama chako. Ungemwambia tu, angeweza kuipunguza na kukuongezea nyingine, au kukubadilishia kabisa. Huenda akafikiria losatani, naye atapima potasiamu na kreatinini kabla na baada, maana hiyo na takrolimasi zote hupandisha potasiamu. Asipopima mkojo, mwombe apime, kwa sababu miguu huvimba pia figo ikivuja protini, na macho hayawezi kutofautisha.

Sasa namba hizi zipimwe vizuri. Wewe ulipimwa umetoka kazini, umesimama steji, pengine bado unahema. Namba hiyo siitupi, lakini siijengei nyumba. Nunua mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo, na mkanda wake ukutoshe. Ukibana mkono hukupa namba ya uongo iliyo juu. Asubuhi kabla ya dawa na chai, nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje miguu. Mkono uulaze mezani, mkanda uwe usawa wa moyo, juu ya ngozi, si juu ya shati. Kama ulikuwa na fistula, ile mishipa iliyounganishwa mkononi kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, mkono huo usifungwe mkanda kamwe, tumia mwingine. Tulia dakika tano. Watoto wasikuongeleshe, nawe usiwajibu. Pima, ngoja dakika moja, pima tena. Jioni vivyo hivyo, siku saba kabla ya kila kliniki, na wiki hii anza kesho. Daftari la mazoezi unalo. Piga mistari kama unavyowapigia watoto: tarehe, saa, namba mbili, dawa niliyomeza na niliyoruka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuiandika. Iandike. Mwalimu hafuti alama ya mtoto kwa sababu haimpendezi.

Siku ya kliniki wengi huacha kumeza kila kitu kwa sababu waliambiwa wasimeze takrolimasi kabla ya kutolewa damu. Hiyo ni takrolimasi, ili kipimo kisome kiwango chake kikiwa chini kabisa, kabla ya kidonge kinachofuata. Dawa ya presha humezwa kama kawaida, isipokuwa wao wenyewe wakuambie vingine.

Kuhusu chakula nitasema machache, ila chumvi siipiti. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula, si kile ulichonyunyiza tu. Ugali wako hauna neno. Neno liko kwenye pakiti ya viungo vya mchuzi, smoki za pale steji, chipsi na krispi za saa nne, na githeri ya shule iliyotiwa chumvi jikoni kisha ikaongezwa mezani. Omena za dada, kama zimekaushwa juani bila chumvi, zioshe uzipike kwa nyanya na kitunguu, ule. Lakini muulize kama mboga za kienyeji mnapozipika mnatia magadi, maana hayo nayo ni sodiamu. Na ule munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe, ambao jirani zetu Waluhya huulainishia mrenda, una potasiamu nyingi. Kwako wewe hapana. Hapana vilevile kwa ile chumvi ya madukani inayouzwa kama chumvi yenye sodiamu kidogo, kwa sababu mara nyingi pengo la sodiamu limejazwa potasiamu. Uzito tutaushusha polepole kwa miguu, goti likikubali. Na wakikutoa damu, waangalie sukari pia. Takrolimasi na prednisoloni zote mbili huweza kuileta.

Nimeliacha la dada mwisho kwa sababu ndilo lililokufanya uandike.

Unasema ukimwambia, utakuwa umemwambia alipasuliwa bure. Hebu fundisha hesabu. Miezi 14, Jumanne na Ijumaa, ni karibu vipindi 120 ambavyo hukukaa na sindano mbili mkononi. Kipindi kimoja saa nne. Hizo saa 480 ulikuwa darasani, ulikuwa na watoto wako, ulikuwa hai nyumbani kwako. Dada ameshakupa hizo, na presha haiwezi kurudi nyuma kuzichukua. Mtu aliyekubali kupasuliwa akiwa mzima kwa ajili yako hataogopa namba. Kinachoweza kumuumiza ni kusikia kwa watu wengine, siku ambayo hakuna la kufanya, kwamba ulikuwa ukimjibu utani.

Tena kuna jambo ambalo naona nyote wawili mmelisahau. Aliyetoa figo naye amebaki na moja. Anatakiwa kupimwa kila mwaka maisha yake yote: presha, kreatinini, mkojo. Wanaotoa figo wengi wao huishi vizuri, lakini huishi vizuri wakiangaliwa. Kila Jumapili yeye anauliza figo aliyokupa inaendeleaje. Katika barua yako yote sikuona mahali wewe ulipomuuliza ile aliyobaki nayo. Anasimama sokoni kutwa, mgongo ukiuma naye hukimbilia duka la dawa kama wewe. Daiklofenaki hazimfai yeye pia.

Kwa hiyo mke wako aambiwe usiku wa leo, yote, pamoja na nusu uliyomficha. Kliniki kesho. Na Jumapili, dada akikuuliza swali lake, mwambie: "Dada, figo yako inafanya kazi, lakini presha yangu imepanda, nilikuwa nimezembea dawa, nimeshasema hospitali na wananipima." Mwache alie au agombe. Akimaliza, muulize mara ya mwisho alipimwa lini. Mwambie apimwe Jumatatu kabla hajatandaza samaki wake, namba aiandike, na Jumapili inayofuata msomeane, yeye za kwake, wewe za kwako.